Tufaha, Mama wa Bibi Arusi

Jumatatu, 15 Februari 1954

Suruali mbili nshamaliza. Ya tatu bado mifuko. Mama kakohoa tangu alfajiri, uji kanywa nusu bakuli. Baada ya adhuhuri nimekwenda tena Shangani kwa Bi Hana na daftari langu. Majina mawili tu kwa wiki nzima.

Bi Hana ni Mzungu wa Marafiki, wale wa misheni ya Pemba wanaosali kwa kukaa kimya. Kazeeka, anarudi kwao Uingereza kwa meli ya mwezi ujao. Kabla hajaondoka anataka kuandika nasaba za familia za mwanzo za Marafiki: nani alitoka wapi bara, alifikaje Pemba, watoto wake wamehamia wapi. Yeye ana vitabu, mimi nna miguu. Kaniomba mimi kwa sababu wazee wangu wote wawili walilelewa misheni. Mimi mwenyewe nilizaliwa Salome. Nilikuwa na miaka tisa baba alipofariki, mama akaja akaolewa na Mwislamu hapa Mlandege, tukasilimu, nikawa Salama.

Kazi yenyewe inachosha roho. Watu wale wa mwanzo walikuwa watumwa walioachwa huru, na Unguja ya leo hakuna mtu ambaye babu yake alikuwa mtumwa. Uliza uone. Leo mmoja Vikokotoni kanambia kwao ni Washirazi watupu, akanifungia mlango. Baba yake namjua, Mmanyema, alikuwa seremala pamoja na baba yangu. Sikumlaumu. Nimekasirika kwa jua nililopigwa bure.

Jumatano, 17 Februari

Daktari kaja. Kaniita nje. Kasema mapafu yamechoka na moyo pia, siku si nyingi. Nimerudi ndani nnacheka kama mpumbavu. Mama kaniuliza kasemaje, nimesema kasema unywe uji.

Mama si mjinga. Kaanza kuzungumza habari za mamake. Nimeshituka. Katika nyumba yetu mtu huyo hatajwi. Nnajua makosa yake mawili tu, nimekua nayo. La kwanza, alimchukua mama ana miaka sita, akamwacha mlangoni pa misheni, mwenyewe akarudi kwenye shamba la karafuu la aliyekuwa bwana wake. La pili, hakuja harusini. Mama alimpelekea salamu mara tatu, hakuja. Mama akaapa hatamtia machoni tena. Akahamia Unguja na baba, na Pemba hakukanyaga tena. Barua ya msiba ilipokuja aliitia jikoni chini ya chungu. Nakumbuka, nilikuwa mdogo.

Leo kasema: "Mtafute kwenye vitabu vya huyo Mzungu. Nijue kwao wapi. Nnakwenda kumkuta, Salama, na sina la kumwambia ila lawama."

Nimesema haya.

Jumamosi, 20 Februari

Kwa Bi Hana tangu saa tatu. Kabla ya kufungua kitabu hukaa kimya kwanza, mikono mapajani. Dakika nzima, mbili. Mimi nnahesabu mapindo ya suruali yanayoningoja nyumbani. Kimya chao kinanichosha.

Tumetafuta katika kitabu cha familia. Mama yumo, Lidia. Mamake hayumo. Bi Hana kaeleza kwa upole kwamba bibi yangu hakujiunga na Marafiki, na asiyejiunga hakuandikwa. Nimemjibu vibaya. Nimemwambia basi nyinyi mnaandika ukoo wa watu wasiokuwa na mama. Nimeona aibu, lakini sikuomba radhi.

Kisha yeye mwenyewe kakumbuka kitabu cha harusi. Kwao hakuna sheikh wala padri wa kufungisha ndoa. Bwana na bibi arusi husimama wenyewe mbele ya watu, wakaahidiana kwa midomo yao, kisha kila aliyehudhuria hutia sahihi kwenye cheti. Kila mtu, mkubwa na mtoto. Nimemwambia bibi yangu hakuhudhuria, hilo tunalijua. Kasema tutazame hivyo hivyo, pengine ndugu. Kitabu kimo chini kabisa ya kasha lililokwisha pigiliwa misumari kwa safari. Atamwita fundi Jumanne.

Vitabu vyote vinakwenda Ulaya. Majina yetu yatapanda meli, sisi tumebaki. Hili linaniuma zaidi ya nilivyodhani.

Jumanne, 23 Februari

Nimekiona cheti. Harusi ya mwaka 1910. Mwandiko wa mama, mzuri, umelala upande: Lidia. Wa baba, mzito kama wa seremala: Yosia. Mama alitia sahihi mwanzo, wengine wakafuata. Majina tele. Kisha waliokuwa hawajui kuandika, dole gumba moja baada ya jingine, na mwalimu wa misheni kaandika kando ni la nani.

Dole la mwisho liko peke yake, chini kabisa. Kando yake, kwa Kiswahili: Tufaha, Mnyasa, mama wa bibi arusi. Alikaa barazani.

Nimesoma mara tatu. Bi Hana kaniuliza kuna nini. Nimemwonesha kwa kidole.

Miaka arobaini na minne karatasi hii imo kitabuni, na mama kusoma anajua. Nakala ya baba ililiwa na mchwa, na wala sidhani mama aliifungua hata siku moja. Alitia jina lake, akasusa.

Lakini sitamwambia bado. Pengine mwalimu alimwonea huruma, akaandika jina la mtu asiyekuwepo. Lazima niwe na yakini. Katika majina yale aliye hai na aliye karibu ni mmoja tu, Bi Priska, shoga yake mama, aliyeolewa Uroa. Alhamisi nnakwenda.

Alhamisi, 25 Februari

Gari ya shamba ya asubuhi. Nimemkuta Bi Priska pwani kwenye kivuli cha ukuta, anapiga makumbi ya nazi kwa ajili ya kusokota kamba. Kafurahi. Nikamwamkia, kaitika, kaniuliza hali ya mama. Nimemwambia kweli. Kisha nikamuuliza la barazani. Furaha ikamwisha usoni.

Kayasema yote bila kuinua kichwa, anapiga makumbi. Tufaha alikuja. Alikuja kwa miguu, alifika mapema kuliko watu wote, kajitanda vizuri. Walimwita ndani akae benchi la mbele pamoja na wanaume na wanawake, akakataa kabisa. Mama wa bibi arusi hajioneshi kwenye nikaha, ndiyo heshima anayoijua, ndiyo heshima ya pwani yote. Angelikuwa na chumba cha ndani angejificha humo. Nyumba ya Marafiki haina chumba cha ndani, ni ukumbi mmoja. Basi akakaa barazani, chini ya dirisha. Na mama yangu mle ndani, aliyelelewa na Wazungu, anageuza shingo kuangalia mabenchi.

Ahadi zilipokwisha bibi arusi alitolewa kwa mlango wa pili kwenda kula. Cheti kikapitishwa. Priska ndiye aliyekipeleka nje na wino. Tufaha akatia dole. Kisha akatoa kitu ndani ya nguo zake, doti moja mpya ya kisutu, kanga nyekundu na nyeusi ya maarusi, akampa Priska. Akasema: "Mpelekee. Usimwambie changu, atakikataa." Akaenda zake.

Mama akakipokea kisutu, akamkumbatia Priska kwa furaha, akamshukuru. Priska akaona haya kusema sicho chake. Akasema kesho. Kesho ikawa mwaka, na mwaka ukawa huu.

Kisutu hicho nnakijua. Kimo kashani kwetu. Kila Idi mama hukitoa, hujitanda upande mmoja, husema Priska ana moyo. Yarabi, nani humpa bibi arusi kisutu kama si mamake? Kila mwanamke wa hapa angejua. Mama hakujua kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumfunza.

Nimempigia kelele mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mbele ya majirani zake. Hakujitetea. Alikuwa analia na mkono haukuacha kupiga. Nimerudi kwa gari ya saa tisa bila kumuaga. Nnaona haya, si sana.

Jumapili, 28 Februari

Siku tatu sijasema. Nnamlisha, nnambadilisha mto, nnazungumza habari za bei ya ndizi. Mwoga mimi. Nikinyamaza atakufa na hasira yake. Nikisema, sijui atakufa na nini.

Kaniuliza tena jana kama nimepata kitu. Nimesema Bi Hana bado anatafuta. Uongo kwa mgonjwa.

Jumatatu, 1 Machi

Nimesema.

Bi Hana kaja mwenyewe kwa miguu kutoka Shangani mpaka Mlandege, kitabu kakikumbatia. Nimemwinua mama, nimemvisha miwani, nimemfungulia ukurasa. Nikampa maneno yote ya Priska. Kasoma polepole. Kaweka dole gumba lake juu ya lile dole. Yanakaribia kulingana.

Kasema: "Mimi nilikuwa nnamtafuta kwenye mabenchi."

Kaomba kisutu. Nimekitoa kashani. Kakishika kwa mikono miwili kifuani, kageuka ukutani. Bi Hana hakwenda. Kakaa juu ya mkeka pembeni ya kitanda, mikono mapajani, kimya, karibu saa nzima. Leo hakunichosha. Laiti angekaa na saa nyingine.

Jumatano, 3 Machi

Mama hajala tangu juzi. Leo kanambia kwa sauti ndogo: "Heri ungeniacha na hasira yangu, Salama. Ile nilishaizoea."

Kisha kaanza kuhesabu. Meli ya Pemba, kupanda leo kushuka kesho. Mwaka niliozaliwa angeweza kunipeleka aonwe mjukuu. Mwaka baba alipofariki angeweza kurudi kwa mamake. Mwaka ilipokuja ile barua, hata kaburi angeweza kulizuru. Kahesabu safari zote asizokwenda. Nimemwomba radhi. Kasema kosa si langu. Nimekwenda jikoni nimelia mpaka mchuzi umeungua.

Nilidhani ukweli unaponya. Nani kanidanganya hivyo?

Alhamisi, 4 Machi

Kanywa maji ya nazi kidogo. Kaniuliza yule Mzungu anaanzaje kuandika ukoo. Nimesema anaanza na baba wa nyumba, kisha mke, kisha watoto. Kasema kwetu aanze na Tufaha. Nimemwahidi. Kanishika mkono kanambia nisiwe mkali kwa Priska, yeye mwenyewe kashamsamehe. Mimi bado.

Ijumaa, 5 Machi

Mama kafariki leo asubuhi, mkono wake umo mkononi mwangu. Amelala amejifunika kisutu mpaka walipokuja waosha. Wakakiondoa, wakanipa.

Jeneza limetoka baada ya sala ya Ijumaa. Wanaume wamekwenda naye. Sisi wanawake tumebaki ndani, ndivyo ilivyo. Nimesimama dirishani, nimeona migongo yao inakata kona. Nimemfikiri Tufaha, chini ya dirisha lake, anasikia sauti ya mwanawe na hamwoni.

Sina mama. Naandika nione kama nitaamini.

Jumapili, 7 Machi

Bi Hana kaja matangani. Kakaa mkekani na wanawake, hakusema neno, na hakuna aliyemshangaa. Walipopungua katoa karatasi zake. Meli yake keshokutwa.

Tumeandika. Nimemwambia sharti la mama. Nilidhani atanibishia, kwa sababu hakuna familia nyingine iliyoanza na mwanamke, tena asiyekuwa wa dini yao. Kachovya kalamu kaandika. Tufaha, kutoka Nyasa, akaishi Pemba. Lidia, kutoka Pemba, akaishi Unguja. Salome, kisha akalifuta, kaandika Salama.

Nimemuuliza Nyasa sehemu gani. Kasema kitabu hakisemi zaidi. Ziwa lile wanasema refu kuliko visiwa vyetu vyote vikipangwa mstari. Huko mwisho wa nasaba yetu, mahali fulani ukingoni mwa maji nisiyoyajua. Mama aliniomba kwao wapi, nimempatia hilo tu.

Kuna mahali pa watoto. Bi Hana kangoja, kalamu juu. Nimemwambia aandike hakuna. Nilizaa mmoja, hakufika arobaini, na marehemu mume wangu hakukawia kumfuata. Kanitazama, kaandika.

Alhamisi, 15 Aprili

Arobaini imetimia jana. Hitima imesomwa, watu wamekula, wametawanyika. Bi Priska alikuja kutoka Uroa kwa gari ya kwanza. Kaniletea kamba nene aliyoisokota mwenyewe, ya kuanikia nguo. Hatukuzungumza la zamani. Nilitaka kumpa upande mmoja wa kisutu akae nao, kakataa, kasema kile si chake na hakikupata kuwa chake. Kalala hapa. Leo asubuhi nimemsindikiza mpaka kituoni, na mara hii nimemuaga.

Mvua tangu saa nne. Nimefua kisutu kwa maji baridi, polepole, kimechakaa kwenye mikunjo. Nimekianika ndani kwenye kamba ya Bi Priska. Rangi nyekundu bado ipo, nyeusi imefifia.

Kisutu hupewa binti siku yake. Sina wa kumpa. Jioni kilipokauka nimekikunja, nimekirudisha kashani. Kesho nna suruali nne.