Kutu Haikutoka kwa Thuo

Kangemi, Nairobi
Mwezi wa pili

Kwako Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Mau? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechoka. Ningepiga simu, lakini nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Barua haikatizwi, kwa hiyo nakuomba uisome hadi mwisho.

Dada Anita alipokuja mwezi uliopita alifika salama na yale mabua ya ngano uliyonitumia, yamefungwa kwenye gazeti. Alinipa na maneno yako: "Mama yenu bado anachipua." Nililia, Baba. Niliyatia kwenye glasi dirishani.

Alinieleza pia kwamba utapanda tena mvua zikianza, na kwamba ngano ikikataa mara hii, mwenye shamba atamkodishia mtu mwingine.

Misimu miwili kutu ya ngano imetula hadi shina. Tulizoea kujisifu kwamba mbegu yetu haishikwi, na zamani kweli haikushikwa. Mbegu haijabadilika, Baba. Kutu ndiyo iliyobadilika. Lile vumbi lake jekundu ndilo uzao wake, na katika uzao mwingi namna hiyo hutokea mmoja usiofanana na mzazi, unaojua kuingia pale wenzake walipofungiwa mlango. Huyo ndiye anayeshiba, na anayeshiba ndiye anayezaa. Hapa maabara ya Kabete nayaona hayo kila siku, na bado nilidhani kwetu hayatafika.

Wewe ulisimama mbele ya kanisa ukasema ugonjwa uliletwa na mashine ya kuvunia ya Thuo, kwa kuwa chuma chake kimeshika kutu. Jina ni moja tu, Baba. Kutu ya chuma haiugui wala haiambukizi. Hii yetu ni kuvu, ina uhai. Na Thuo, aliyebeba jeneza la Mama, hajakanyaga kwetu tangu Jumapili ile.

Sasa niseme lililoninyima usingizi. Kutu hii haiishi bila ngano mbichi. Kiangazi hiki mashamba yote huko yamekauka, ilipaswa kufa njaa. Lakini nilipobadilisha maji ya glasi, vidole vyangu vilitoka vyekundu. Nilipeleka mabua kazini, tukapaka vumbi lile kwenye miche ya mbegu yetu, tukasubiri hadi ikashikwa. Ni ileile iliyotumaliza. Daktari Komal, mkuu wetu, aliniuliza yametoka shamba gani.

Yametoka kaburini. Ngano uliyompandia Mama, unayoimwagilia kila jioni na kukataza mtu asiiguse, ndiyo inayoilisha kutu kiangazi kizima ikingoja sisi tupande.

Nakusihi, Baba, ing'oe. Yote, na mizizi yake. Usimpe kibarua kazi hiyo. Na mbegu yetu tuiache, nitakutafutia nyingine. Siwezi kukuapia kwamba itatosha, maana upepo hauna mpaka na kutu itabadilika tena. Najua tu kwamba ukiiacha pale, tumekwisha.

Nisalimie Anita. Nisalimie na Thuo, na salamu hiyo uipeleke mwenyewe, kwa miguu yako. Na kabla hujaanza kung'oa, nisalimie Mama. Mwambie ni mimi niliyekutuma.

Mwanao,
Mwihaki