Hauumi, Unatekenya Tu

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye meza yangu ya cherehani. Hujambo huko uliko? Shemeji na wale mapacha wazima? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakipuuza kama kawaida yako? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaowaka, na leo nimesimamisha kazi za watu ili nikueleze.

Najua umeambiwa Baba aliteleza bafuni. Ni uongo. Aliyekuambia ni huyu mdogo wako ninayemwita Kaka kwa shingo upande, na ana sababu ya kukudanganya.

Unamkumbuka Chokaa, yule mbwa mweupe uliyemwacha akiwa mdogo. Tangu akili ya Baba ianze kwenda na kurudi, kila asubuhi alikuwa akivaa koti na kuondoka "kazini", kule kwenye kiwanda cha uchapaji alikostaafu zamani. Hatukumfungia ndani. Chokaa alikuwa akimfuata, na wakifika kwenye duka la mikate humvuta upindo wa koti, wakageuka wote wawili kurudi nyumbani. Upindo ule nimeushona mara nne kwa sababu ya meno yake, na sikuwahi kulalamika.

Kisha Kaka akapandishwa cheo huko ghalani anakofanya kazi, akanunua gari, na Chokaa akakojolea tairi. Basi! Kaka akaleta kitu kinachoitwa uzio usioonekana. Ni waya unaofukiwa ardhini kuzunguka ua, na mkanda wa shingoni wenye kisanduku kidogo na meno mawili. Mbwa akiukaribia waya, kisanduku kinalia tii. Akizidi kusogea, umeme unamchoma. Nikamuuliza Kaka itakuwaje siku Baba akitoka. Akacheka.

"Utamwangalia wewe. Na huo umeme hauumi, unatekenya tu."

Alhamisi ile Baba aliyoumia, zamu ya kumwangalia ilikuwa ya Kaka. Mimi nilikuwa dukani napima sare za wauguzi, yeye yuko nyumbani anaosha gari. Baba akatoka. Chokaa akakimbilia mpakani, akabweka, akarudi nyuma, akabweka tena. Kaka alimsikia, Dada. Jirani yetu fundi viatu alimwona kwa macho yake akiongeza sauti ya redio. Baba tulimpata saa kumi alasiri, ndani ya mtaro wa barabara inayochimbwa, nyonga imevunjika, anawaomba radhi vibarua kwa kuchelewa kazini.

Sikulia. Mimi nikikasirika huwa nashona.

Wiki mbili baadaye Kaka akaniletea kitambaa. Mkuu wake wa kazi anakuja kumpa pole, naye anataka suruali mpya. Nikampima kwa heshima zote. Kisha nikamvua Chokaa ule mkanda, nikakishonea kisanduku ndani ya kiuno cha suruali, meno yakiuelekea mgongo. Meno yale yametengenezwa kupenya manyoya, sembuse shati jembamba. Nikamwambia nimemwekea kitu cha kumnyoosha mgongo, maana haishi kuulalamikia. Akanishukuru!

Mkuu akaja, mama mmoja mpole. Kaka akamsimulia habari za bafuni, na jinsi asivyopata usingizi kwa kumhangaikia mzazi. Akamsindikiza langoni. Tii. Akapapasa simu mfukoni. Akapiga hatua nyingine.

"Mama yangu wee!" Aliruka mpaka kiatu kikamtoka.

Nikasema taratibu, "Hauumi, Kaka. Unatekenya tu."

Halafu nikamweleza yule mama kila kitu, fundi viatu akiitikia kutoka upande wa pili wa barabara. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Usinihubirie habari za kusamehe, Dada. Sijafika huko, na njia yenyewe siiulizii.

Waya niliufukua siku ile ile kwa mikono yangu. Nikadhani yameisha.

Jana Baba alirudi kutoka hospitali, akitembea kwa kuegemea fremu ya chuma. Gari likamshusha nje ya lango. Chokaa akaja mbio, mkia juu, mpaka pale pale ulipokuwa waya. Akasimama. Anatetemeka, analia, hasogei, na chini hakuna kitu. Baba alimwita mara mbili. Kisha akatugeukia.

"Mbona haji? Nimemkosea nini?"

Nikamtazama Kaka. "Mjibu," nikamwambia. Akainama, akatazama viatu vyake. Akikupigia simu, na wewe muulize swali hilo hilo la Baba, usikate mpaka ajibu.

Msalimie Shemeji, wapapase mapacha vichwa kwa niaba yangu, na Shangazi akipita hapo mwambie gauni lake liko tayari. Mungu akulinde, na akutie hamu ya kuja nyumbani mapema.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Mdogo wako wa mwisho.

N.B. Kisanduku nimekitunza kwenye kopo la vifungo. Vipimo vya Kaka pia bado ninavyo.