Neno la Siri Lilikuwa Mfukoni Mwangu

Shemeji Kalisti,

Naandika nikiwa kitandani, univumilie mwandiko. Tangu tukuzike kule Mamba sijasikia mtu akiigiza kwa mdomo, kama wewe, ule mlio wa modemu ikiiita kompyuta ya mbali kwa simu, mikwaruzo ile na mluzi mwishoni, mpaka dada yangu, mkeo, akufukuze jikoni: "Toka na mashine yako!" Siku hizi jikoni ni kimya tu.

Nina jambo la kuungama, na pumzi zimebaki chache.

Unaikumbuka wiki ile kompyuta yetu ya Mpanda ilipokataa kusoma orodha ya wakulima iliyokuwa kwenye kompyuta ya Tabora. Simu iliita, Tabora ikapokea, kisha ikatutupa nje. Ulikagua waya wote, ukabadilisha soketi, ukasema: "Shemeji, mlangoni tunafika vizuri. Ufunguo ndio unakataa. Hukubadilisha neno la siri ulipokuwa kule?"

Nikakujibu kwa ukali: "Nani alikufundisha kazi hii?"

Ndipo ukafungua mashine kutafuta ubovu, kwa kuwa uliniamini. Mkuu wa mradi wetu wa wakulima akakukuta umezungukwa na skrubu. Nikaandika katika daftari la hitilafu, kwa mwandiko wangu: chanzo, Kalisti. Wakakuhamishia Mamba, kwenye ghala la mpunga.

Ulipokwisha kuondoka, nilitia mkono kwenye koti la safari nikakuta kikaratasi. Neno nilikuwa nimelibadilisha mwenyewe, Tabora, nikasahau. "Mgebuka." Samaki uliyempenda kuliko wote, shemeji! Ungelikisia mara ya pili tu. Nikaliandika, orodha ikafunguka, nikanyamaza. Nilijiambia nitakueleza ukija likizo. Ulikuja mara mbili, ukaniletea mchele. Nikala.

Sasa binti yako Yustina anakalia kiti chako kile kile. Juzi aliniambia, "Mjomba, pale ofisini wananiita binti wa aliyeua mashine." Akacheka. Macho hayakucheka.

Ningepata hata saa moja ya wewe kunigombeza!

Jumapili akitoka kanisani nitampa barua hii aisome. Jumatatu anishike mkono hadi ofisini, nilifute jina lako katika daftari lile niandike langu, wote wakiona. Miguu ikikataa, waniletee daftari hapa kitandani. Nakuahidi, sitakufa kabla ya hapo.

Pumzika, shemeji. Mlangoni ulikuwa umefika. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Shemeji yako,
Anselmi