Rangi Niliyopaka Juu ya Chaki Yako

Fundi, shikamoo.

Najua huitikii. Lakini wewe ndiye uliyenikatalia kushika spana kabla sijakusalimia, hata siku ile nilipochelewa, nimejaa tope la Mkula mpaka magotini. "Salamu kwanza, bomba halikimbii." Basi nimeanza na salamu.

Nakuandikia jambo ambalo nimelificha tangu tulipokuzika.

Unalikumbuka lile bomba la kostiki, ile dawa ya kuunguza tunayoichemsha kuoshea matangi ya juisi ya miwa? Uligonga kwa kinyundo chako, ukasikiliza, ukagonga tena. Pale kwenye kona sauti ilikuwa butu. "Hili limeliwa kwa ndani," ukasema, ukachora msalaba wa chaki. Kisha ukaenda msibani Uchindile siku mbili, ukaniachia neno moja tu: "Ukipata bomba jipya stoo, badilisha. Usipopata, nisubiri."

Bomba jipya stoo halikuwepo. Siku ya pili yake tukaambiwa wageni wanakuja kukagua kiwanda, kila kitu kipakwe rangi. Si unatujua? Mgeni akija, hata ukuta uliopasuka unavalishwa nguo mpya. Nikapewa kopo la rangi ya kijani na brashi. Nilipofika kwenye msalaba wako nilisimama, haki ya Mungu nilisimama. Nikajiambia, akirudi nitamwambia. Nikapaka.

Mjinga mimi! Miaka sita umenifundisha kwamba rangi ni ya mwisho, bomba bovu halipakwi mpaka libadilishwe, na chaki haifutwi ila na aliyemaliza kazi. Sasa umerudi asubuhi, umekuta kijani inang'aa na msalaba haupo, ungewaza nini? Mimi nilikuwa kantini, nakunywa chai na maandazi. Yule wa pampu alinisimulia baadaye kwamba ulilipapasa lile bomba ukacheka, ukasema, "Binti yangu kapiga kazi peke yake." Ukafungua valvu, bomba likapasuka pale pale kwenye kona.

Sitaki kuandika nilichokikuta. Nilikumwagia maji mpaka mikono ikafa ganzi. Siku tatu ulilala hospitali Ifakara, umefungwa bandeji mpaka kichwani, na bado uliniuliza kama nimekula. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nikajibu, "Nimekula, Fundi."

Ripoti ilipotoka iliandikwa kwamba marehemu alifungua valvu bila kukagua bomba. Wewe! Wewe uliyekuwa unagonga hata mabomba ya maji ya kunywa! Siku ile hukugonga kwa kuwa uliiamini rangi yangu. Msibani kwako, kijijini Kisawasawa, watu walinong'ona kwamba mzee alishachoka, masikio yameziba. Mkeo akanishika mkono. "Eti mwanangu, baba yako alisahau kweli?" Nikatazama chini. Tangu hapo kila nikienda Mama ananipikia, ananifungia na mchele wa kuondoka nao, na mimi napokea. Hata kinyundo chako alinipa mimi.

Wiki iliyopita wakatangazwa wageni wengine. Nikaletewa kopo, kijani ileile. Safari hii nikagonga kwanza, na bomba la pembeni ya lile lililokuunguza likajibu butu. Nikachora msalaba mkubwa kuliko wowote uliowahi kuchora wewe, nikaifunga valvu kwa mnyororo na kufuli, ufunguo mfukoni. Kopo nikamrudishia msimamizi. Alifoka weee, mpaka akakauka mate. Sikumpa ufunguo mpaka bomba lilipobadilishwa.

Halafu nikajiuliza, kama leo nimeweza, siku ile nilishindwa nini? Niliogopa kuonekana mbishi, basi.

Jana Jumapili nilikwenda kwa Mama. Nilimwambia yote, chaki, kopo, na ile chai. Hakulia. Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Kisha akasema, "Muda wote huu nimemlaumu mume wangu yuko kaburini." Hakunikaribisha chakula. Nimeshafika barabarani nikasikia ananiita. Nikageuka. "Kayaseme hivyohivyo kiwandani," akasema. "Usipunguze."

Kesho naenda ofisini na maelezo yangu, kurasa mbili, jina langu chini. Watanifukuza kazi, au watanipeleka polisi, sijui. Naogopa, sikufichi. Lakini nakuahidi sitatoka mle ndani mpaka uongo ule juu yako ufutwe. Kinyundo nimekiacha kwa Mama. Akiona nakistahili, atanipa tena mwenyewe.

Pumzika, Fundi wangu, baba yangu. Ile kazi uliyonisifia, binti yako hakuipiga. Kesho ataipiga.