Tofali la Mwende

Jumatatu, 12 Februari 1996
Naandika yote, hata ya kunitia aibu. Nimeteka maji, nimepima tofali langu kwa mita ya umeme ya Baba Otis, jirani yetu fundi redio. Namba ileile ya chini.

Tofali ni dogo kama kipande cha sabuni. Simiti na mchanga, misumari miwili imechomoza. Liko ndani ya ndoo yenye kifuniko, pamoja na kikombe cha magadi na ndimu. Povu lake linatoa kaboni dioksidi, simiti inainywa, inakaza. Ikikaza, umeme unapita kwa shida kati ya misumari na namba inapanda. Hayo ya gesi na umeme alitufundisha Mwalimu Mutiso. Jumatano ya wiki ijayo ni kongamano la sayansi. Shule itapeleka mmoja.

Naitaka nafasi hiyo.

Jumanne, 13 Februari
Mwende amenishinda. Yeye anakaa Kawangware. Hulifunika tofali lake kwa debe juu ya jiko la mkaa, eti gesi ya jiko inatosha. Namba yake iko juu mno. Mwalimu amempigia makofi. Na wazo la misumari lilikuwa langu!

Akapita kwenye dawati langu. "Niaje, Prof? Hiyo yako bado inanyonya?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Namchukia.

Alhamisi, 15 Februari
Wivu umenikaa tumboni kama ugali mbichi. Asubuhi nimelianika tofali juu ya mabati.

Mama: "Siku hizi hata mawe yanaota jua?"

Jioni nimepima. Imepanda! Imempita Mwende! Nimeruka mpaka Baba Otis akauliza, "Kwani umeposwa?"

Ijumaa, 16 Februari
Nilitaka kulibeba shuleni nimwone Mwende anavyokunja uso. Kumbe Mama amefua alfajiri, akalimwagia maji pale mlangoni nilipoliacha, bila kuliona. Nimepima tena. Chini kabisa.

Nimelia. Kisha nikaacha.

Jana sikuongeza gesi hata kidogo. Jua lililikausha tu. Maji yamelirudisha palepale.

Na jiko la Mwende? Jiko nalo hukausha.

Jumapili, 18 Februari
Mahubiri sikuyasikia. Kesho Mwalimu anachagua. Naweza kusimama mbele ya darasa zima nikayasema haya ya jiko. Nimeiwaza sura ya Mwende ikianguka, na imenipendeza sana. Hapo nikajiogopa.

Huenda simiti yake imekaza kweli. Sijui. Yeye pia hajui.

Langu nimelilowesha, nitalipeleka hivyohivyo.

Jioni nimekwenda kituo cha Olympic, ambako dada yake Mwende huuza mboga. Nimempa karatasi iliyokunjwa ampelekee. Nimeandika haya tu, bila salamu:

Mwende, loweka tofali lako mpaka linywe maji, halafu upime. Linasoma ngapi? Nijibu kesho kabla ya kengele.