Mjukuu Wangu Analala kwa Vergie

Bonde la Sugar Camp,
Pigeon Fork,
Kentucky.

Oktoba 20, 2024

Mpendwa mdogo wangu Zella,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na nikisema nyumbani ujue ni hapa, si huko Oregon kwenye mvua yenu isiyojua kukata. Hujambo? Goti lako linasemaje? Ulisema daktari anataka kulichoma sindano. Mwache achome, ukaidi niachie mimi. Na mumeo Arvil bado anakohoa? Mpe asali na kitunguu, akikataa mbane pua.

Mimi ni mzima. Meno ni yale yale, macho bado yanaona herufi kubwa. Mwandiko wangu unaujua. Haukwenda shule, na mimi sikwenda, kwa hiyo tunavumiliana. Pakikushinda pasome kwa sauti, utanisikia.

Mitufaha mwaka huu imezaa mpaka matawi yamevunjika. Tumepika jamu nje kwenye sufuria la shaba la mama, Hobart, mtoto wa kaka yetu, akikoroga na kulalamika kama anachimba kaburi. Chupa zako nimezitenga.

Sasa nikueleze lililonikaa kifuani, maana tangu masika silali vizuri. Nina wivu, Zella. Si ule wivu mdogo wa kumwona mtu na koti jipya kanisani. Huu unanila. Mjukuu wangu Leta, niliyemlea mwenyewe kwa mikono hii, akija huku kikazi analala kwa Vergie Stamper.

Vergie unamkumbuka. Yule aliyekuwa akiiga mtindo wako wa nywele, kisha anawaambia watu wewe ndiwe uliyemwiga. Ana moteli pale barabara kuu, ng'ambo ya kijito. Nikikaa barazani kwangu naiona pikapu nyeupe ya serikali imeegeshwa mbele ya mlango wake, na mtoto wangu yumo ndani. Hebu jiweke hapo wewe uone kama chai itapita kooni.

Unajua kazi ya Leta. Anakagua yale mabwawa ya tope waliyoyaacha watu wa makaa ya mawe, yasije yakapasuka yakatufukia. Kila mwezi anatumwa huku siku kadhaa. Zamani alikuwa na kadi ya plastiki ya serikali, imeandikwa jina lake. Alinunulia petroli, alinunulia chakula cha mchana, na jioni alikuja kulala kwa bibi yake kama binadamu. Kadi ilikaa kwenye pochi, haikuuliza analala wapi.

Basi masika ofisi yao ikazikusanya zile kadi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeitumia yake kununulia matairi ya tela la boti yake ya kuvulia samaki. Mwingine aliibiwa namba kwenye kituo cha petroli, na bili ikaja kwa jina lake mwenyewe, akahangaika nayo mpaka akanyonyoka nywele. Wakubwa wakasema yatosha. Siku hizi hakuna kadi. Leta akitaka kusafiri, ofisi inamtumia namba ndani ya simu. Namba ya malazi inafanya kazi kwenye moteli moja tu waliyoichagua wao. Namba ya petroli haiwezi kununua hata pipi. Safari ikiisha, namba zinakufa. Safari nyingine, namba nyingine.

Leta anazipenda. Anasema hadaiwi tena deni la serikali kwa jina lake. Namwelewa, hilo ni jema. Lakini moteli waliyoichagua ni ipi? Ya Vergie! Yule bibi kizee, anayenizidi makunyanzi, alikwenda maktaba akafundishwa, akajiandikisha kwa watu wa serikali, akanunua na kile kidude cha kugusishia simu. Ofisi inalipa kabla mtoto hajafika. Leta anakuta ufunguo unamsubiri.

Na Vergie si mtu wa kufurahi kimya kimya. Jumapili moja baada ya ibada alinishika mkono mbele ya watu wote.

"Orpha wee, huyo mjukuu wako ana adabu! Asubuhi nimempelekea mikate midogo ya moto na mchuzi wa soseji, amekula sahani mbili."

"Alikuwa na njaa," nikamwambia. "Mwenye njaa hachagui."

"Hee! Kwani kwako hali?"

"Kwangu anakula chakula, Vergie. Kwako anakula serikali."

Watu wakacheka, lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimeumia. Sahani mbili, Zella. Kwangu huwa anakula moja.

Nikajiambia, tatizo ni zile namba. Huku bondeni simu haishiki mtandao, unajua milima yetu ilivyobana. Labda namba haifiki. Au labda mtoto akilala pengine namba inamchongea kwa wakubwa. Basi nikaamua na mimi niwe moteli. Usicheke. Nina vyumba, nina blanketi, nina kuku. Nikamwambia Hobart anipigie ofisini kwao kwa simu ya waya, anipe niongee mwenyewe.

Akapokea kijana mmoja mpole.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Nataka wafanyakazi wenu walale kwangu. Hasa mmoja."

"Una nyumba ya wageni?"

"Nina nyumba. Wageni wakija wanaingia."

"Una mashine ya kupokelea malipo?"

"Sitaki malipo. Nataka mjukuu wangu."

Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kama ni mjukuu basi sihitaji mashine wala namba. Mfanyakazi anaruhusiwa kulala kwa ndugu zake. Serikali hailipi malazi, inampa posho ya chakula tu, mambo yamekwisha. Anachotakiwa ni kuwaambia kabla hawajamlipia chumba.

"Na yeye aliwaambia?" nikauliza.

"Hilo mwulize mwenyewe, mama. Lakini hakuna anayemkataza."

Nilimshukuru nikakata simu. Hobart akaniuliza kuna nini, nikamfukuza akapasue kuni. Zella, mpaka dakika ile nilikuwa nakasirikia namba. Namba ukiikasirikia haikuumizi. Sasa ikawa mtoto mwenyewe ndiye aliyechagua. Angeweza kuja kwangu kila safari, na kila safari amekwenda kwa Vergie kwa hiari yake. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikalia kama mjinga, kuku wananitazama.

Kosa langu ni nini? Nilijiuliza. Kelele? Harufu ya moshi? Au ameshakuwa mtu mkubwa, anaona aibu choo changu kinachogoma kila baridi ikiingia?

Juma lililopita akaja. Nilipoiona pikapu imesimama pale, nilivaa viatu vya kanisani nikavuka daraja. Nilipiga mlango kwa ngumi. Akafungua, nywele zimelowa, uso umejaa furaha.

"Bibi! Nilikuwa naoga nije kwako kula."

"Kula ndiyo, kulala hapana. Kwa nini?"

"Bibi, nilikueleza, ofisi..."

"Usinieleze ofisi. Nimeongea na ofisi. Kijana wao ana adabu kuliko wewe. Amesema ulale popote kwa ndugu zako, useme tu. Hukusema. Mimi nimekukosea nini, Leta? Niambie nikiwa nimesimama, nikikaa nitalia."

Akatazama chini. Yule mtoto tangu mdogo akikwama anavuta kidole chake cha shahada. Akakivuta.

"Unakumbuka Februari nilipolala kwako?" akasema. "Niliamka alfajiri kunywa maji. Nikakukuta jikoni, umekaa kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta."

"Nilisinzia kidogo."

"Ulikuwa umevaa koti na kofia, Bibi. Na blanketi zote nilikuwa nazo mimi."

Zella, niseme nini? Wewe unajua desturi ya mama. Ndugu akija toka mbali unampa kitanda chako mwenyewe, hata wewe ulale sakafuni. Vyumba vya juu vina baridi ya kuua na vitanda vyake tulivigawa siku nyingi. Kochi lina kile chuma kinachochoma mbavu. Kwa hiyo miaka yote akija analala kitandani kwangu, mimi nakaa jikoni karibu na jiko, nafurahi kujua nani yumo chumbani. Sikuona ni taabu. Sikujua anajua.

"Ukakohoa mpaka Pasaka," akasema. "Ningekwambia ulale kitandani mwako usingekubali. Namba zilipokuja nikasema afadhali. Nitasingizia namba."

"Ukaona uninyime mjukuu unilinde na kikohozi."

"Ndiyo, Bibi."

"Wewe ni mpumbavu."

"Nimekuzoea, najifunza kwako."

Tukacheka, kisha tukalia, kisha tukacheka tena. Nikamwambia haya, kusanya mizigo. Akasema chumba kimeshalipiwa, na akiondoka serikali haitarudishiwa kitu. Akanionyesha kitanda cha pili kimetandikwa, hakina mtu. Bei ni ile ile akilala mmoja au wakilala wawili, yeye alishauliza. Basi mimi Orpha, niliyeapa sitakanyaga kwa Vergie, nikavua viatu vyangu vya kanisani nikapanda.

Sikufichi, godoro lile ni zuri. Nililichukia kwa uzuri wake.

Hatujakaa sana Vergie akaja na taulo ya ziada. Nilijua atakuja kunicheka, nikajiandaa. Hakunicheka. Alitoa taulo, akasimama mlangoni. Akauliza kama maji ni ya moto. Tukasema ni ya moto. Akauliza kama tunataka mto mwingine. Tukasema tunayo. Akabaki amesimama, anamtazama Leta alivyojilaza amenilalia miguuni kama alivyokuwa mdogo, na mimi namkausha nywele.

Mwanawe Delmas yuko Texas. Mara ya mwisho alikuja kumzika baba yake. Wajukuu anaonyeshwa kwenye simu.

Zella, ule uso niliujua. Ndio niliokuwa nao mimi barazani tangu masika, nikitazama pikapu. Nilitaka kufurahi, sikudanganyi, nilitaka sana. Furaha haikuja.

"Vergie," nikamwambia, "ingia ukae au utoke, unaingiza baridi."

"Sitaki kuwasumbua."

"Umenisumbua tangu nina miaka kumi na sita. Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikaa mpaka Leta akaanza kupiga miayo. Alisimulia habari za mbwa wake wote waliokufa, mmoja mmoja, na Leta alimsikiliza kwa hamu, na mimi nikaanza tena kuona wivu pale pale. Sijapona, usinidhanie.

Kesho yake nilimsimamia Hobart akatafuta kitanda cha chuma kwa dalali wa vyombo chakavu, akakifunga sebuleni kwangu karibu na jiko. Hicho ni changu mimi. Kitanda changu ni cha Leta, hilo halibadiliki, lakini sasa atanikuta nimelala, siyo nimekaa. Leta amekikalia, amekitikisa, amekubali. Akaandika palepale ujumbe wa ofisi, autume akifika barabara kuu, kwamba safari zijazo wasimlipie chumba, ana ndugu.

Nilimwona alivyoandika, na nilipaswa kunyamaza. Mdomo ukanitangulia. Nikamwambia, "Waambie wakulipie usiku mmoja. Ule wa kwanza. Kwa Vergie."

Akanitazama kama nimeota pembe. "Una hakika, Bibi?"

"Mmoja tu. Ukizidi nitakuja kukutoa kwa sikio mbele ya wateja wake."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Mwezi ujao usiku wa kwanza atalala ng'ambo, na mimi nitakuwa barazani natazama dirisha lake, nachukia kila taa inayowaka mle. Nimempa kwa mkono wangu, na bado najuta. Vergie hajui ni mimi niliyesema. Ukimwandikia usimwambie, ataniletea keki, na sitaki keki yake.

Halafu nasikia Leta anakutumia picha zake za mabwawa. Mimi hanitumii. Najua sina hiyo simu. Hata hivyo angenitumia.

Msalimie Arvil, mwambie nimeuliza kikohozi chake. Msalimie mwanao Corbin na mkewe mpya, na yule mtoto wao ambaye jina lake siwezi kulitamka, nampenda hivyo hivyo. Hobart anakusalimu, ananuka moshi. Leta anakubusu.

Mungu akuwekee goti lako, akukaushie hiyo mvua, na akurudishe huku kabla mmoja wetu hajasahau njia. Ukija utalala kitandani kwangu na hutaniambia neno.

Mimi dada yako, anayekupenda kuliko unavyostahili,

Orpha