Nimeandika "Hana Maoni" Nyumba Arobaini na Moja

Bibi Akanisi wa gazetini, naja kwako na aibu yangu, nisaidie, maana majirani wamenikasirikia na wana haki. Mwezi uliopita nilipata kibarua cha kukusanya maoni ya wakazi wa mtaa wetu wa Vunidogo, hapa Suva, nipite nyumba kwa nyumba niulize kiboreshwe nini, na swali la kwanza lilikuwa kama tunataka ile njia ya mbao inayopita juu ya matope ya mikoko ijengwe upya kwa zege, na si unajua kwetu mtu akikubali hafungui mdomo, anainua nyusi tu, basi nyumba arobaini na moja zikainua nyusi, lakini msimamizi wangu, bwana mmoja kutoka Melbourne, alikuwa ameshanionya, "Andika kilichotamkwa, Mereoni, usiwasemee watu," nami kwa kuogopa kufukuzwa nikaandika "hana maoni" kote, hata kwa mama yangu mzazi. Sasa mpango umetoka, njia imefutwa humo, tunaletewa bustani ya maua kule barabarani. Juzi ubao wa njia ile umemkatikia shangazi Taraivini akiwa na ndoo ya maji, kavunjika mguu. Mumewe akanifokea mbele za watu, "We Mereoni! Ulikaa mkekani kwangu ukala, nikakuinulia nyusi. Ulidhani nzi kanitua usoni?" Mpango unatiwa sahihi Ijumaa. Nikisema ukweli kazi sina. Nifanyeje?

Mereoni, Vunidogo

Mereoni, mjukuu wangu,

Mimi shule sikuiona hata mlango. Barua yako nimesomewa, na nusura nimrushie kiatu aliyenisomea. Mama yako hana maoni? Aliyekuzaa? Huyo bwana wa Melbourne hajui nyusi zetu, nitamlaumu kidogo. Wewe ulijua! Ulijua na muhogo wao ungali mdomoni mwako. Uliambiwa usiwasemee watu, ukaenda ukawaziba midomo.

Woga wako nauelewa, mwanangu, kibarua Suva hakiokotwi njiani. Lakini mguu wa Taraivini hauungwi kwa machozi yako, kwa hiyo nyamaza ufute kamasi.

Leo hii nenda kwake. Mpikie, mfulie, umwambie, "Shangazi, nilijua umekubali, nikaandika uongo." Atakutukana. Kaa utukanwe. Ukitoka hapo rudia nyumba zote arobaini na moja na karatasi mpya, kila mtu atamke "io", yaani "ndiyo" ya kwetu, kwa sauti, na aweke sahihi. Asiyejua kuandika kama mimi atie dole gumba. Alhamisi mkabidhi msimamizi, mweleze kuwa kosa ni lako. Akizikataa, Ijumaa ingieni mkutanoni mtaa mzima, na Taraivini abebwe na kiti chake awekwe mbele kabisa, wamtazame ndipo watie hiyo sahihi yao.

Watakufukuza? Huenda. Njoo kwangu, utakula, utalala, tutatafuta kazi nyingine. Ila ukinyamaza tena, mlango wangu usiugonge.

Inuka basi. Kesho asubuhi watoto wanapita juu ya mbao zile zile.